Mtani Aliyebeba Hofu ya Bi Ungo

Nianze na magoti. Siku ile magoti yangu yalikuwa yametulia tuli, na hilo lilinifurahisha kuliko hata umati wenyewe. Watu elfu thelathini wamejaa uwanjani Iringa, wanapiga makofi na kuita jina ambalo si langu, na mimi nimekaa juu ya sanduku la spika natafuna karanga. Karanga jamani! Mimi, Avelina Kikoti, ambaye nikiambiwa niombee chakula mbele ya wageni wanne napaliwa na mate.

"Bi Ungo! Bi Ungo! Bi Ungo!"

"Unawasikia, dada?" Atupele aliniuliza huku akinikaza mkufu shingoni. "Leo watabomoa uwanja."

"Wabomoe tu. Watajenga mwingine."

Atupele alicheka. Alikuwa fundi wangu wa mikufu, msichana wa Kinyakyusa mwenye mikono myepesi, na ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba Bi Ungo ni mwonjaji wa chai kutoka kiwandani Mufindi. Au ndivyo nilivyoamini. Ungo wangu ulikuwa pale ukutani, ule wa mianzi aliousuka bibi yangu. Niliutia mikanda miwili ya kufungia kisogoni, basi. Kwa ndani naona kila kitu, kwa nje hakuna anayeona pua wala mdomo. Magazeti yaliwahi kuandika kwamba mimi ni mke wa mtu mkubwa. Mengine yakasema mimi ni mwanamume. Kiwandani walisema Bi Ungo ni mchawi, maana nani tena anatembea na ungo, nami nikaitikia, "Kweli kabisa, mchawi yule," nikanywa chai yangu.

Nilijificha kwa sababu ya mbuzi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sikukuu ya somo wa parokia, kwaya imejipanga, na mimi ndiye wa kuanzisha. Nikafungua kinywa. Ikatoka "meee." Kanisa zima lilicheka, padri akageukia ukuta mabega yakimtikisika, na mpaka namaliza shule jina langu lilikuwa Mbuzi. Sauti ninayo, tangu utoto nimeambiwa ninayo, ila ilikuwa inaogopa watu kama paka anavyoogopa maji.

Ndipo ikaja mikufu. Wengi mmeivaa, lakini wachache mnajua inavyofanya kazi. Hofu haianzi moyoni kama tunavyoimba. Inaanzia kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na kwenye mshipa mrefu unaopita shingoni kushuka tumboni. Ukibonyeza kitufe chake, mkufu unaikamata pale shingoni kabla haijafika magotini, unaituma, na mtu mwingine mwenye mkufu pacha anaipokea yeye. Hofu haiuawi. Walijaribu kuiua wakashindwa. Inahamishwa tu, na lazima itue kwa mtu. Marubani wanaituma, madaktari wa upasuaji wanaituma, maharusi nao siku ya kuapa. Wapokezi wa kituo ni watu waliozaliwa hawajui kutetemeka, wamejitolea, wamepimwa, na sheria inasema mtumaji asijuane nao kamwe.

"Haya, mpokezi amethibitisha," Atupele alisema akitazama kioo chake cha vipimo. "Mapigo themanini na nane, amekaa. Mtani yuko tayari."

Nikaacha kutafuna.

"Nani yuko tayari?"

"Mpokezi."

"Umesema mtani."

"Nimesema mpokezi, dada."

"Atupele!"

Alikificha kioo nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nami sikumheshimu, nilimzunguka nikakinyakua. Kilikuwa kimeandikwa hivi: Mpokezi mbadala. Uhusiano: mtani. Mara alizopokea: 31. Kilele cha mapigo: 171.

Mara thelathini na moja. Nilikuwa nimeimba mara thelathini na moja.

*

Ngoja niwaambie nilivyofanya ujinga huu, maana ni ujinga wa kwetu kabisa.

Miezi minane nyuma nilikuwa kituo cha mikufu najaza fomu. Swali la kumi na saba: "Mpokezi wa kituo asipopatikana, ungependa nani apokee?" Nikacheka peke yangu. Nikaandika: Ditram Ngonyani, Mngoni wa kwanza kuwa na faida duniani. Chini yake pakaulizwa uhusiano. Nikaandika: mtani.

Ditram alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia chai pale kiwandani. Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani, kwa hiyo mimi na Ditram tunatukanana tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka na hakuna anayekasirika. Mimi namuuliza kama amekula panya wangapi leo. Yeye ananiuliza nimenuna kwa sababu gani na jua ndiyo kwanza limetoka. Siku mama yangu alipofariki, Ditram ndiye aliyevaa kilemba cha marehemu akaigiza alivyokuwa akitembea, watu wakacheka machozi yakiwatoka, halafu akashika jembe akachimba kaburi mpaka mwisho. Ndiyo kazi ya mtani. Anakucheka, na anakuzikia.

Nilidhani mashine itaona ni utani, itapita.

"Mashine haijui utani," Atupele aliniambia sasa, anajifuta jasho. "Inajua sheria. Kifungu cha tisa kinataja ndugu wa damu, wa ndoa, au wa desturi mwenye wajibu wa mazishi. Ikatafuta mtani ni nani, ikakuta anachimba kaburi, ikamhesabu ndugu. Ikamtumia ombi. Akakubali."

"Na wapokezi wa kituo?"

"Wako mia mbili nchi nzima, dada. Marubani wanatangulia, madaktari wanafuata, halafu watahiniwa wa mitihani ya taifa. Waimbaji mko mkiani. Hujawahi kupata wa kituo hata siku moja."

Nikakumbuka skafu. Mungu wangu, ile skafu, kumbe ilificha mkufu! Miezi minane Ditram amevaa skafu ya sufu ndani ya chumba cha makaushio, mahali ambapo watu wanavua hadi mashati. Nilimsimanga kila siku. Nilimwambia Wangoni walipotoka kusini walisahau kuambiwa joto ni nini. Naye anajibu, "Koo, mtani, koo linanisumbua." Na kila Jumamosi alasiri, saa zangu za kuimba, anaomba ruhusa.

"Hii mia na sabini na moja ni nini?"

"Moyo wake ulivyopiga mara ya mwisho. Siku ile ulikuwa na watu elfu tatu."

"Leo ni elfu thelathini."

"Najua."

"Atafika ngapi?"

Alinitazama machoni, na nampenda mpaka leo kwa jibu lile. "Mkufu unajikata wenyewe moyo ukifika mia na tisini. Vitabuni. Sitaki kukudanganya, dada. Sijui."

Zilibaki dakika ishirini.

*

Nilimpigia simu. Alipokea hapo hapo, na nyuma yake nikasikia kelele zile zile nilizokuwa nazisikia kupitia ukuta.

"Kamwene, mtani!" alinisalimia kwa Kihehe chetu.

"Wewe Mngoni, uko wapi?"

"Uwanjani. Jukwaa la mashariki, safu ya tatu, nyuma ya mama mmoja mwenye kofia kubwa kama sufuria ya msiba. Sioni kitu."

"Umevaa skafu?"

"Baridi kali leo, mtani."

"Ditram."

"Naam."

"Umevaa skafu?"

Nikasikia umati unaita jina langu la ungo, na yeye katikati yao anapumua.

"Nimevaa," akasema.

"Tangu lini unajua ni mimi?"

"Ombi lilikuja limeandikwa Mngoni wa kwanza kuwa na faida. Nani mwingine ana mdomo kama huo?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia hakuwa na haki. Nikamwambia ningejua nisingeruhusu. Nikamuuliza anakuwaje.

"Mara ya kwanza nilidhani nakufa," alisema bila aibu yoyote. "Nilijifungia stoo ya mikanda ya mashine. Magoti yanagongana, mdomo mkavu, masikioni nasikia mbuzi. Nikajiuliza, huyu mtani wangu anaishi na kitu hiki? Halafu nikafungua redio, nikasikia unaimba. We Avelina! Nikasema basi, kumbe ndio huu mzigo, ngoja niubebe tufike. Sasa hivi nimezoea. Nikitetemeka tu najua wimbo umeanza."

"Ulipaswa kukataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huwezi kukataa! Wewe ni mtani. Mtani akiombwa kazi ya mtani hakatai, utachekwa mpaka Songea. Hiyo siyo ridhaa, Ditram. Hiyo ni desturi imekushika koo, na mimi ndiye niliyeifunga."

"Mtani, hilo ombi lina vitufe viwili. Napokea na Nakataa. Kila Jumamosi linakuja upya. Mara thelathini na moja nimeviona vyote viwili."

"Kuona siyo kuweza."

"Haya, mwanasheria. Bonyeza uimbe. Wangoni hatujazoea kukimbia."

"Moyo wako ulifika mia na sabini na moja."

"Nina kitu nataka kufanya mwezi ujao," akasema polepole, "kwa hiyo sina mpango wa kufa. Bonyeza."

Nikakata simu. Nilikuwa na njia tatu, na zote nilizichukia. Nibonyeze, niimbe kama malaika, na moyo wa rafiki yangu ulipe. Niondoke kupitia mlango wa nyuma, watu elfu thelathini warudi makwao wamenuna, na Bi Ungo afe leo. Au nibebe mwenyewe. Alisema ameridhia, na labda kweli ameridhia. Lakini hata mtu akiridhia kukubeba mgongoni, kuna siku unamwangalia miguu yake unaona inavimba. Siku hiyo ukikaa kimya, kosa si lake tena.

"Kata," nilimwambia Atupele.

"Dada, sikiliza kwanza. Miezi minane mwili wako haujabeba hofu. Umesahau. Itakujia yote kwa mkupuo, kama mgeni aliyekuja na mizigo ya mwaka mzima."

"Kata, mdogo wangu, kabla sijabadili nia."

Akakata. Taa ndogo ya kijani kooni ikazimika. Nikafunga ungo.

*

Mpaka nafika katikati ya jukwaa nilikuwa mzima. Jua la alasiri linang'aa, vumbi la uwanja linapanda, bendera zinapepea, na watu! Watu mpaka juu ya paa la choo. Moyo ulinijaa raha nikasema kumbe hofu yenyewe ilishakufa zamani. Nikashika kipaza sauti.

"Kamweneee!"

"KAMWENEEE!" Iringa nzima ikaitikia.

Hapo ndipo hofu ikaja. Ilianzia tumboni, ikashuka magotini, ikapanda kooni, na masikio yakaziba kabisa. Bendi ilipiga utangulizi. Ikaupiga mara ya pili. Mpiga gitaa alinitazama, akaupiga mara ya tatu. Nikafungua kinywa nianze.

"Meee."

Ndiyo. Ile ile. Spika arobaini zikaipeleka mpaka mlimani.

Kicheko kikaanza jukwaa la magharibi kikazunguka uwanja mzima. Nilisimama ndani ya ungo wangu, nina miaka kumi na minne, nataka ardhi ipasuke. Mguu mmoja ulishaanza kurudi nyuma wenyewe.

"Nipisheni! Mimi mtani! Mtani huyo, nipisheni!"

Mlinzi mkubwa mwenye rungu alikuwa amesimama ngazini. Akamwona mwanamume mwenye skafu anakuja mbio anapiga kelele kwamba yeye ni mtani, na mlinzi, Mhehe wa watu, akasogea pembeni. Utamzuiaje mtani? Ditram akapanda jukwaani, akaninyang'anya kipaza sauti mkononi, akawageukia watu.

"Wahehe, kamwene!"

"Kamweneee!"

"Mimi ni Ngonyani, kutoka Songea!" Uwanja ukazomea kwa furaha. "Babu zangu walipigana na nyinyi miaka na miaka. Mikuki, ngao, taabu tupu. Kumbe mnaogopa kipaza sauti! Laiti wangejua, wangekuja na kimoja tu, vita ikaisha kabla ya chai ya asubuhi!"

Jamani, watu walilala chini kwa kucheka. Lakini mimi niliyekuwa karibu niliona mikono yake. Kipaza sauti kilikuwa kinacheza, meno yake yanagongana, na zile spika arobaini zikawa zinatoa ka-ka-ka-ka. Ditram hakuwa amezoea watu. Alizoea mashine. Mkufu wake ulikuwa umezimika kama wangu, kwa hiyo hofu aliyokuwa nayo pale haikuwa yangu hata chembe. Ilikuwa yake mwenyewe, na hakuna aliyembebea.

"Sikitoi!" alipaza sauti, amekikumbatia kifuani. "Mtani akichukua kitu, lazima kikombolewe! Au siyo?"

"Ndiyooo!"

"Akikomboe kwa sauti yake. Hii ya bure aliyopewa na Mungu, isiyo na waya. Akishindwa, naenda nacho Songea nikaanikie dagaa!"

Sasa niwaulize, Mhehe gani ataliacha neno la Mngoni lipite hewani bila kujibiwa? Hata aliye jenezani hawezi. Kilinipanda kitu kutoka unyayoni, na magoti bado yanagongana, nikafoka bila kipaza sauti:

"Mlikuja mbio kutoka kusini, mkaona Mhehe kwa mbali, mkapiga breki Songea mpaka leo!"

Safu za mbele zilinisikia zikalipuka, zikawarushia nyuma yao, nao wakawarushia walioko nyuma zaidi, na kicheko kikapanda jukwaa hadi jukwaa. Hiki hakikuwa kile cha kwanza. Kile kilinikuta nimesimama peke yangu. Hiki tulikuwa ndani yake wote, na mimi ndiye niliyekiwasha. Kabla hakijazima nikaachia sauti. Sikuimba ule wimbo uliopangwa. Niliimba wa wachuma chai, ule ninaouimba nikiwa peke yangu jikoni.

"Jani changa la mlimani, baridi imekuamsha..."

Nikasubiri kiitikio. Kutoka safu za mbele mama mmoja mwenye kofia kubwa akaitikia, "Njoo kapuni." Halafu kumi. Halafu mia.

"Jani changa la mlimani, mkono wangu una moto..."

"NJOO KAPUNI!"

Ilikuwa inatetemeka, ile sauti. Sijawahi kuimba vibaya vile, na sijawahi kuimba vizuri vile. Hofu haikuondoka. Ilikaa pale pale, nikaimba juu yake mpaka ubeti wa nne, watu elfu thelathini wananiitikia bila spika hata moja. Ditram akapiga goti moja, akanirudishia kipaza sauti kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Imetosha, mtani," alisema. "Umekikomboa."

*

Jumatatu kiwandani palikuwa hapakaliki. Chumba cha uonjaji kina watu saba na vikombe arobaini, na wote saba walikuwa wanamzungumzia Bi Ungo. Mama Luvanda, mkuu wetu, mwenye ulimi unaojua chai ilichumwa upande gani wa kilima, alisimulia ile meee mara tatu. Nikacheka na mimi. Nilicheka kweli, si kwa kujificha.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kazini, mzigo ulikuwa mwingi. Saa tatu asubuhi simu ikalia. Ombi la kupokea hofu. Mwombaji: Ditram Ngonyani. Sababu: kupeleka posa, Kilolo. Saa nne kamili. Uhusiano: mtani, Mhehe wa kwanza kuwa na faida.

Kilolo! Mngoni yule anaenda kuoa kwetu, amekaa kimya miezi yote, na hata mwezi ujao aliousema kashindwa kuusubiri!

Chini palikuwa na vitufe viwili. Nikaweka kidole juu ya Nakataa. Nilikiacha pale muda mrefu kidogo, nilitaka kujua. Hakuna babu aliyenishika mkono. Hakuna aliyenicheka. Kingebonyea vizuri kabisa. Nikakihamisha kidole nikabonyeza Napokea, nikatoa mkufu kwenye mkoba, nikauvaa, nikaufunika kwa kanga.

Saa nne na dakika mbili kikombe kiliniponyoka. Kijiko kikafuata. Magoti yalipiga meza mpaka vikombe arobaini vikaanza kulia vyote kwa pamoja, na chumba kizima kikageuka.

"Avelina! Malaria hiyo!"

"Siyo malaria," nilisema, meno yanagongana. "Ni posa."

Hawakuelewa, na sikuwa na pumzi ya kueleza. Mtu huyu alikuwa anawaogopa wakwe kuliko mimi nilivyowaogopa watu elfu thelathini! Nikashika ukingo wa meza, na kwa kuwa sikujua dawa nyingine, nikafungua kinywa nikaimba. Uso wazi, mchana kweupe, mbele ya watu sita wenye vijiko mikononi. Jani changa la mlimani. Nikaimba mpaka mwisho.

Vijiko vyote vilikuwa vimesimama hewani. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu: "Wamekubali! Ila nimekaa kwa utulivu mpaka baba mkwe kauliza kama mimi ni Mngoni kweli."

Mama Luvanda aliweka kikombe chake mezani taratibu. Akanitazama kuanzia kanga mpaka magoti, na magoti yalikuwa bado yanacheza.

"Avelina, mwanangu," akasema. "Ungo umeuacha wapi leo?"

"Uko nyumbani, mama," nikamjibu. "Unapumzika."